Kitenzi "have" na "me" yetu

Maumbo ya kitenzi "have" ni machache: "have", "has", "had" na "having". Mwenye bidii huyaweka kichwani kwa jioni moja. Shida iko katika kuyatumia.

Jueni kwanza kwamba Kiswahili hakina kitenzi hiki. Tusemapo "nina kalamu" maana yake ni kwamba mimi ni pamoja na kalamu. Mwingereza husema "I have a pen". Hasemi "I am having a pen", maana kumiliki kitu si kazi inayoendelea. Lakini "I am having lunch" ni sawa, kwa kuwa hapo maana yake ni kula.

Zaidi ya hayo, "have" husaidia vitenzi vingine, na hapa ndipo wengi huanguka, kwa kudhani kwamba kila "me" ni "have". Baba ameuza alizeti: "Father has sold the sunflower seeds." Vema. Je, mtoto amelala? Ukiandika "The child has slept", msomaji atadhani usingizi umekwisha na mtoto yu macho. Andika "The child is asleep". Vivyo hivyo amesimama ni "he is standing", amevaa sare ni "she is wearing a uniform", na chupa imejaa ni "the bottle is full". "Me" yetu hubeba tendo lililotimia, tena hubeba hali iliyopo sasa. "Have" haiwezi mzigo huo wa pili.

Tena, ukitaja siku iliyopita, "have" huondoka. Tumevuna vitunguu: "We have harvested the onions." Tulivuna Jumamosi: "We harvested the onions on Saturday."

Wengi wenu mlisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa Biolojia na Jiografia mnajibu kwa Kiingereza. Mwanafunzi aweza kuijua mbegu vizuri kabisa, akapoteza alama kwa kitenzi. Wazazi nanyi mwaweza kusaidia, hata msiojua Kiingereza. Mtoto akisoma sentensi yenye "me", mwulizeni: ni tendo lililokwisha, au ni hali tunayoiona? Swali hilo ni la Kiswahili tupu.

Haya, jaribuni hizi: Fundi ametengeneza baiskeli. Ziwa Singidani limejaa. Bibi amekaa kivulini. Mlango umefungwa. Hiyo ya mwisho ina majibu mawili; leteni yote.