Somo: Kununua Lenzi Kuukuu ya Pembe Pana

Mpiga picha wa Lalago anayeitwa kwenye sherehe za familia anaijua taabu ya chumba kidogo: mgongo wake umekwisha kugusa ukuta, na bado wazee wawili hawamo katika picha. Lenzi ya milimita 50 iliyokuja na kamera yake kuukuu haimsaidii hapo. Lenzi ya pembe pana, ya milimita 35 au 28, ingewaingiza wote. Tuseme basi kwamba muuzaji aliyeko Mwanza au Dar es Salaam anayo moja ya zamani. Ametuma picha zake kwa simu, naye anataka fedha itangulie kabla mzigo haujapandishwa basi. Fedha hiyo huenda ikawa akiba ya msimu mzima wa pamba, na lenzi ya namna hiyo haina mwenzake dukani wa kubadilishana nayo ikionekana mbovu.

Tunashauri uamuzi uanze na kamera, si lenzi. Kamera tunayoizungumzia ni ile yenye kipima-masafa, ambayo mpiga picha hatazami kupitia lenzi bali kupitia kidirisha cha pembeni, akilinganisha taswira mbili mpaka ziwe moja. Kwa hiyo lenzi yaweza kuwa na ukungu, au isilingane na kamera, na kidirisha kikaendelea kuonyesha mambo safi kabisa. Kasoro hugunduliwa filamu ikishasafishwa, yaani baada ya harusi kupita.

Leica za awali, pamoja na FED na Zorki za Umoja wa Kisovieti, hufungwa lenzi kwa parafujo ya kipenyo cha milimita 39. Leica M3 ya mwaka 1954 ilileta mfungo mwingine. Lenzi ya parafujo hukaa kwenye kamera ya M kwa msaada wa pete ya kuunganishia, lakini lenzi ya M haiwezi kufungwa kwenye kamera ya parafujo. Tena kidirisha cha M3 kina mistari ya milimita 50, 90 na 135 tu. Mwenye kamera hiyo akinunua lenzi ya kawaida ya 35 atahitaji kidirisha cha ziada cha kuweka juu ya kamera, na bei yake lazima ihesabiwe tangu mwanzo. M2 inao mstari wa 35.

Jambo jingine husahaulika. Jupiter-12, lenzi ya Kisovieti ya milimita 35 inayopendwa kwa bei yake, ina kioo cha nyuma kinachoingia ndani sana ya kamera. Leica M5 ya mwaka 1971 na CL ya mwaka 1973 zina mkono wa kipima-mwanga unaosimama nyuma ya lenzi, na viwili hivyo vyaweza kugongana. Anayekusudia kuitumia lenzi ya namna hiyo kwenye kamera ya dijitali aombe kwanza picha ya majaribio kutoka kamera ya aina yake, kwani pembe za picha huweza kufifia au kuingiwa na rangi isiyokuwapo.

Katika ukaguzi, diaframu ifunguliwe yote, tochi ya simu imulikwe upande mmoja, na jicho litazame kutoka upande wa pili. Nyuzinyuzi mithili ya utando wa buibui ni kuvu. Weupe kama pumzi juu ya kioo ni ukungu, nao katika jua la Simiyu huifanya picha ipauke. Sisi tungeikataa lenzi hiyo hata kwa nusu ya bei. Mikwaruzo michache ya kioo cha mbele isimtishe mtu, ila ya kioo cha nyuma hudhuru zaidi. Mafuta kidogo kwenye vipande vya diaframu, ambayo wauzaji wengine huyafanya sababu ya mjadala mrefu, hapa si neno kubwa, kwa kuwa diaframu hii huzungushwa kwa mkono. Jina lililochorwa nalo lisiaminiwe upesi: zipo FED na Zorki nyingi zilizochorwa jina la Leica.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi anayenunua kwa maelezo kutoka kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo: bidhaa iwe na ubora unaouzika. Lakini mnunuzi akiikagua bidhaa, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Mtu binafsi anayeuza kamera ya marehemu babu yake habanwi na sharti hilo. Tena anayeagiza kwa kutaja jina la lenzi tu hupunguza kinga yake kuhusu kufaa kwa kazi. Ni heri amwandikie muuzaji hivi: “Nina Zorki-4, napiga picha ndani ya nyumba, nipe lenzi itakayofaa,” na kuuhifadhi ujumbe huo. Mfanyabiashara anayepotosha kwa maelezo ya uongo anagusa Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani.

Kabla ya kutuma fedha, mnunuzi aombe siku saba za majaribio kwa maandishi, ikielezwa nani atalipa nauli ya kurudisha mzigo. Risiti iandikwe jina la muuzaji, namba iliyochorwa kwenye lenzi, aina ya mfungo na hali ya vioo. Siku hizo apige filamu moja nzima: mlango wa karibu, uso wa mtu hatua tatu mbele, na mti wa mbali, diaframu ikiwa wazi. Kama hana mahali pa kusafishia filamu hiyo ndani ya siku saba, aombe siku kumi na nne.