Matangazo Yanayoziba Ukurasa: Unachopaswa Kujua na Kufanya

Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, wazazi na watahiniwa huyatafuta kwa simu zao. Matokeo hutolewa bure kwenye tovuti ya Baraza, necta.go.tz. Hata hivyo, wengi huangukia kwanza kurasa za watu binafsi zilizojaa vitufe vya "Bofya hapa kuona matokeo". Mzazi akibofya mara moja, linafunguka dirisha la kamari. Akibofya tena, linatokea onyo kwamba simu yake ina virusi. Bando linaisha na jina la mtoto bado hajaliona. Haya ni maswali yanayoulizwa sana kuhusu usumbufu huo.

Kivinjari changu kinasema kinazuia madirisha ibukizi. Mbona bado yanatokea?

Kwa sababu unayoyaona si ya aina moja. Aina ya kwanza ni dirisha jipya kabisa linalofunguka juu au nyuma ya ukurasa unaousoma. Lilianza miaka ya 1990 katika kampuni ya Tripod ya Marekani. Kampuni moja ya magari ilichukizwa kuona tangazo lake kwenye ukurasa wa ngono, na Ethan Zuckerman wa Tripod akaandika programu ya kulifungulia tangazo dirisha lake pekee. Mwaka 2014 aliomba radhi hadharani katika jarida la The Atlantic. Kufikia wakati huo vivinjari vilikuwa vimekwisha kujihami. Opera ilianza mapema, na Internet Explorer ikafuata mwaka 2004.

Siku hizi kivinjari hufungua dirisha jipya pale tu mtumiaji anapogusa kitu. Ndiyo maana kurasa zisizo na haya hutega eneo lote la ukurasa: ukigusa popote, hata katikati ya maandishi, dirisha linafunguka.

Aina ya pili ni kifuniko kinachotanda juu ya maandishi na kukutaka ujiandikishe, upakue programu au utazame tangazo. Hicho si dirisha. Kimeandikwa ndani ya ukurasa wenyewe, kama vichwa vya habari na picha, kwa hiyo kinga ya madirisha ibukizi haikigusi.

Nikikosa alama ya kukifunga nifanyeje?

Kwenye kompyuta bonyeza kitufe cha Esc. Viwango vya kimataifa vya ufikivu wa tovuti, toleo la 2.1 la Juni 2018, vinataka kitu kinachoibuka pale kishale cha kipanya kinapopita kiweze kuondolewa bila kukisogeza kishale hicho, na kwa kawaida Esc ndiyo hutumika. Sharti hilo liliwekwa kwa ajili ya watu wenye uoni hafifu wanaokuza maandishi. Kwao kibandiko kidogo kinaweza kufunika skrini nzima, na mtengeneza tovuti anayelipuuza anawafungia mlango.

Kwenye simu, jihadhari na alama ya X. Mara nyingi imechorwa ndani ya picha ya tangazo, na ukiigusa umelibofya tangazo lenyewe. Ni salama zaidi kufungua orodha ya vichupo na kukifunga kichupo chote. Ikiwa unaitaka makala iliyofunikwa, jaribu hali ya kusoma iliyomo ndani ya Firefox na Safari. Hiyo huacha maandishi na picha muhimu na kuondoa mengi yaliyobaki.

Tovuti inaniomba nibofye "Ruhusu" kuthibitisha kwamba mimi si roboti. Nibofye?

Usibofye. Huu ndio mtego unaowanasa watu wengi, na ndio ninaotamani kila mwenye simu janja aufahamu. Kitufe hicho hakithibitishi chochote. Kinaipa tovuti ruhusa ya kukutumia arifa, nazo zitaendelea kuja hata baada ya kuondoka kwenye ukurasa ule, zikiwa na sura ya ujumbe wa kawaida wa simu: umeshinda zawadi, akaunti yako imefungwa, mtu anataka kukufahamu. Wengi hudhani simu imeingiliwa, wakaipeleka kwa fundi na kulipia kufutiwa kila kitu, picha za familia zikapotea bure.

Dawa yake haihitaji fundi. Kwenye Chrome ya Android gusa vitone vitatu, ingia Mipangilio, kisha Mipangilio ya Tovuti, halafu Arifa. Utaona orodha ya tovuti ulizoziruhusu. Ondoa ruhusa kwa kila moja usiyoitambua. Ukipenda, zuia tovuti zote zisikuombe ruhusa hiyo tena.

Na lile onyo la virusi je?

Ni uongo. Ukurasa wa intaneti hauna uwezo wa kupekua mafaili ya simu yako na kuhesabu virusi. Watu huuamini kwa sababu unataja aina ya simu na pengine mji uliopo, na simu inatetemeka. Lakini aina ya simu huweza kutajwa na kivinjari chenyewe unapofungua tovuti, mji hukisiwa kwa anwani yako ya mtandao, na kwenye Android ukurasa unaweza kuitetemesha simu ukishaugusa. Lengo ni kukutia hofu upakue programu yao au utoe namba ya simu na ya kadi. Funga kichupo, basi.

Matangazo yakitokea hata usipofungua kivinjari, na si zile arifa, kwa kawaida chanzo ni programu uliyoiweka kwenye simu, mara nyingi tochi, michezo au nakala za WhatsApp zisizo rasmi. Kagua mipangilio uone programu zipi zina ruhusa ya kujionyesha juu ya programu nyingine, kisha uzifute zile za kutiliwa shaka.

Lazima nikubali vidakuzi (cookies)?

Hapana. Maombi ya kukubali vidakuzi, ambayo nayo huziba ukurasa, yaliongezeka sana baada ya sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data kuanza kutumika Mei 2018. Januari 2022 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ufaransa ilitangaza kuitoza Google faini ya euro milioni 150, na Facebook euro milioni 60, kwa kufanya kukataa vidakuzi kuwe kugumu kuliko kuvikubali. Tafuta neno "Kataa", hata likiwa limeandikwa kwa rangi hafifu.

Kuna namna ya kuyazuia yote kwa pamoja?

Mengi, ndiyo. Opera Mini na Brave zina kizuia matangazo ndani yake. Firefox ya Android inapokea kiongezi cha kuzuia matangazo kiitwacho uBlock Origin, kitu ambacho Chrome ya Android haifanyi. Bando nalo hudumu zaidi, kwa kuwa matangazo mengi hayapakuliwi kabisa. Ninachoshauri ni kuziruhusu tovuti za habari unazozitegemea na ambazo matangazo yake hayakuzibi macho, maana waandishi wake hulipwa kwa mapato hayo.

Nimeshaweka namba ya siri au ya kadi. Nifanye nini?

Badilisha namba ya siri sasa hivi, kisha wapigie mtandao wako wa simu au benki wazuie miamala. Ukianza kupokea ujumbe wa kitapeli, nchini Tanzania utume kwenda 15040. Kwa wateja wa Safaricom nchini Kenya ni 333.