Betri Isiyopenda Kushiba

Mvua za masika zinyeshapo wilayani Magu, udongo mweusi wa mbuga hunata magurudumuni, na baisikeli ya umeme yaweza kulazwa ndani kwa majuma kadhaa. Wengi huijaza betri kwanza, wakidhani wameitendea wema. Desturi hiyo yatokana na betri ya gari, ambayo kweli hutaka kuwekwa ikiwa imejaa. Ikiachwa tupu, salfeti ya risasi huganda juu ya mabamba yake.

Betri ya ioni za lithiamu, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991, ina tabia nyingine. Ikijaa, volteji yake huwa kubwa, na kimiminiko kilichomo kati ya ncha zake huharibika polepole hata kama haitumiki. Joto huharakisha uharibifu huo. Kwa hiyo chumba cha bati kisicho na dari si mahali pake. Ikiachwa tupu nayo hufa, kwani chaji iliyobaki huendelea kupungua yenyewe.

Tuseme betri ni ya volti 36, yenye seli 10 zilizounganishwa kwa mfululizo. Kila seli iliyojaa huwa na volti 4.2, yaani 42 kwa jumla. Kwa kuhifadhi, yatosha volti 37 au 38. Mwalimu mwenye voltimita aweza kuipima kila mwezi mbele ya wanafunzi. Ikikaribia 35, ichajiwe kidogo. Iliyovimba au kuingiwa na maji isichajiwe wala kufunguliwa, bali itengwe nje, mbali na nyumba.