Nyumba Iliyofagiwa Haifai Kukaa Tupu

Watu wengi waliokusudia kuacha pombe, kamari, uwongo au maneno ya hasira wamejikuta, baada ya majuma machache, wamerudi pale pale walipokuwa, na pengine mbali zaidi. Husemwa kwamba nia yao ilikuwa dhaifu. Huenda ikawa kweli kwa baadhi yao. Lakini mara nyingi zaidi mtu aliondoa jambo asiweke lingine mahali pake.

Injili za Mathayo na Luka zina mfano wa pepo mchafu aliyemtoka mtu, akatangatanga bila kupata pa kupumzika, mwishowe akarudi kuitazama nyumba yake ya zamani. Aliikuta safi, imepangwa vizuri, ila haina mtu. Akaenda kuwaita wenzake saba, waovu kumshinda yeye, wakahamia humo wote. Yafaa kuangalia kwamba nyumba ile haikuwa chafu. Ilikosa mwenyeji tu. Mkulima hahitaji kufafanuliwa jambo hili, kwa kuwa shamba lililolimwa likaachwa bila mbegu halikai wazi: mvua ikinyesha, sangari hulirudia kwa nguvu.

Wakristo wa Efeso, mji wa kale uliokuwa katika nchi iitwayo leo Uturuki, walipata fundisho hili kwa njia yao. Kitabu cha Matendo ya Mitume chasimulia jinsi wengi waliokuwa wakifanya uganga walivyokusanya vitabu vyao na kuvichoma moto hadharani. Thamani yake ilipohesabiwa ikawa vipande 50,000 vya fedha. Hilo lilikuwa tendo la ushujaa. Lakini moto huwaka siku moja, na kesho yake mtu huamka na mikono ile ile, ulimi ule ule na majirani wale wale. Basi katika sura ya 4 ya Waraka kwa Waefeso kila tabia inayokatazwa yapewa mwenzake wa kushika mahali pake. Anayevua nguo kuukuu havai upepo: penye uwongo pawekwe ukweli, penye matusi pawekwe maneno ya kumjenga asikiaye, penye uchungu na kelele pawekwe upole na kusamehe.

Habari ya mwizi ndiyo yenye mafunzo mengi kupita zote. Mwizi haambiwi akunje mikono tu akae. Aambiwa aitie kazini mikono ile ile iliyoiba, tena si kwa ajili ya tumbo lake peke yake, bali apate kitu cha kumgawia mhitaji. Mtu aliyekuwa akichukua sasa ni mtu anayetoa. Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko, alifanya vivyo hivyo: aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Hiyo mara nne haikuokotwa tu njiani; ndiyo malipo ambayo torati ilimtaka mwizi wa kondoo aliyemchinja au kumwuza. Zakayo alijihukumu mwenyewe kabla ya kupelekwa barazani.

Afrika Mashariki nayo imeona jambo hili kwa macho. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, na kufika Kenya mwaka 1937, ulijulikana upesi kwa watu waliorudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni yaliyokuwa yamesahauliwa hata na wenye kudai. Wengine walicheka, wengine walishuku. Lakini ndugu hao walikuwa na siri moja iliyo wazi: hawakumwacha mtu peke yake. Aliyetoka kilabuni alikuta jamaa wanaokutana kila juma, wanaoimba, wanaoambiana kweli na kuulizana hali. Pengine wanywaji wengi hawapendi sana pombe yenyewe kama wanavyopenda ule mkeka wa mazungumzo. Akinyimwa mkeka huo asipewe mwingine, ataurudia.

Ndiyo sababu yampasa anayetaka kuacha ajiulize kwanza: tabia hii hunijia saa ngapi, mahali gani, pamoja na nani? Sheria ya vileo ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka kwamba siku za kazi baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku. Saa kumi na moja ni saa ambayo mfanyakazi hutoka kazini, amechoka, na pengine ana fedha mfukoni. Saa hiyo haitaki kiapo. Yataka shughuli: mazoezi ya kwaya, bustani ya mboga, kuwasimamia watoto katika masomo, au kumtembelea mgonjwa.

Fedha nazo zataka kuonyeshwa njia. Anayetumia shilingi 150 kwa siku, siku tano za juma, hutumia shilingi 750 kila juma, na kwa mwaka shilingi 39,000. Akiacha pombe na kuziweka mfukoni tu, zitatafuta mlango mwingine. Kwa vijana wengi mlango huo siku hizi ni kamari ya mpira ichezwayo kwa simu. Heri zipelekwe siku ile ile kwa chama cha akiba, na sehemu yake, hata ikiwa ndogo, iwe ya mjane au yatima anayejulikana kwa jina. Bila sehemu hiyo ya pili, ulevi waweza kugeuka uchoyo, na nyumba imepata mpangaji mwingine mbaya.

Haya hayatimizwi kwa juma moja. Uchunguzi wa chuo cha University College London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuata watu 96 waliojizoeza jambo jipya kila siku. Kwa kadiri ya katikati iliwachukua siku 66 kabla jambo hilo halijawa jepesi, lakini tofauti zilikuwa kubwa, kutoka siku 18 hadi 254. Tena kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Hii ni habari njema kwa mtu aliyeteleza Jumamosi na kudhani Jumapili hana haki ya kuingia kanisani.

Walio nyumbani wana sehemu yao. Baba aliyezoea kurudi usiku akirudi mapema siku ya kwanza, kisha akapokewa kwa dhihaka au kwa orodha ya makosa ya mwaka mzima, ataona kwamba kule alikotoka alikaribishwa vizuri zaidi. Makosa hayo yana siku yake ya kuzungumzwa, nayo si lazima iwe leo. Jioni hiyo apewe kiti na chai, na watoto wamwonyeshe madaftari yao.