Swali Litangulie Chombo

Mtaala wa shule za sekondari za Tanzania wa mwaka 2005 ulimtaka mwalimu ajenge umahiri wa mwanafunzi badala ya kumkaririsha. Mitaala iliyoboreshwa, ambayo utekelezaji wake ulianza kwa awamu mwaka 2024, imekazia jambo hilo hilo pamoja na matumizi ya teknolojia. Wazo lenyewe si geni: katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule ikuze akili yenye udadisi. Mabadiliko haya yanamhusu pia mwalimu wa shule ya msingi, kwani tabia ya kuuliza haingoji Kidato cha Kwanza.

Hatari tunayoiona ni kwamba kompyuta yaweza kushika nafasi ya ubao, na mwanafunzi akaendelea kunakili kama zamani. Tuchukue mfano wa somo la kuota kwa mbegu, katika darasa la wanafunzi 60 lenye kompyuta moja.

1. Kila kundi liweke maharage juu ya pamba katika makopo matatu: la kwanza lenye unyevu, mwangani, la pili kavu, mwangani, la tatu lenye unyevu, ndani ya kabati lenye giza. Liandike linatazamia nini, na kwa sababu gani.

2. Wanafunzi wachunguze kila siku kwa muda wa juma moja, wakichora na kuandika waliyoyaona.

3. Ndipo mwalimu aonyeshe picha katika kompyuta, nao wazilinganishe na michoro yao.

Huenda wengine wakabashiri kwamba mbegu za gizani hazitaota. Zitaota, kwani maharage huhitaji maji, hewa na joto la kadiri; mwanga huhitajiwa baadaye, mmea unapojitengenezea chakula. Intaneti ingetoa jibu hilo mara moja, lakini mtoto asingepata nafasi ya kukisia, kushuhudia na kusahihisha hoja yake.

Upimaji nao ufuate njia hiyo. Badala ya kuagiza, "Taja mahitaji ya mbegu," tuulize, "Utathibitishaje kwamba maharage hayahitaji mwanga ili yaote?"

Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hufundishwa kwa Kiingereza afikapo sekondari. Aliyezoea kutoa hoja atatafuta maneno mapya ya kuelezea fikra alizo nazo. Aliyezoea kukariri atatafuta maneno na fikra kwa pamoja. Mzigo huo wa pili twaweza kumpunguzia tangu sasa.

Zoezi: Chagua mada moja ya Darasa la Tano. Andika swali ambalo wanafunzi watalichunguza kwa mikono yao kabla ya kuonyeshwa chombo chochote.