KIPANYA KIKICHELEWA KUITIKA

Siku hizi baadhi ya vyama vya ushirika huandika kilo za wakulima kwa kompyuta. Msimu mmoja nilikaa na karani katika ofisi ya namna hiyo. Mkulima alileta pamba kilo 84. Karani aliandika, akabonyeza kipanya ili kuhifadhi. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza mara ya tatu, sasa kwa hasira. Mara kompyuta ikazinduka. Lo! Kilo 84 zimeingia mara tatu. Mkulima mwenyewe ndiye aliyeona. "Mwalimu, mbona leo nimekuwa tajiri?" Tulicheka. Lakini asingesema, karani angeitwa mwizi siku ya kufunga hesabu.

Kipanya ni kile kifaa kidogo kinachoshikwa mkononi. Ukikisogeza, mshale husogea kwenye kioo cha kompyuta. Ukibonyeza kitufe chake cha kushoto, unatoa amri. Amri ikichelewa, watu husema kipanya kimekufa. Si lazima. Huenda kompyuta ina kazi nyingi, na amri yako imepanga foleni. Ndiyo maana amri tatu za karani hazikupotea. Zilikuwa zinangoja zamu.

Basi tutajuaje? Weka kipanya kando. Chagua faili kwa vitufe vya mishale vya kibodi, halafu bonyeza kitufe kilichoandikwa Enter. Jaribu faili kadhaa. Usirudie lile lile, maana faili lililotoka kufunguliwa hufunguka upesi zaidi, nawe utadanganyika. Kama Enter nayo inachelewa, usikilaumu kipanya. Hifadhi kazi yako, funga programu usizotumia, zima kompyuta, kisha uiwashe upya. Tazama pia kama nafasi ya kuhifadhi mafaili imejaa.

Kama Enter inaitikiwa mara moja, sasa kichunguze kipanya. Chenye waya, kichomeke kwenye tundu jingine. Kisicho na waya, kibadilishie betri. Kile kipokezi chake kidogo kikiwa nyuma ya sanduku la kompyuta, kihamishie mbele, karibu na mkono wako.

Bado? Kuna jaribio lisilo na gharama. Ingia kwenye mipangilio ya kipanya, ubadilishe vitufe ili cha kulia kifanye kazi ya cha kushoto. Cha kulia kikiitika vizuri, basi swichi ya kitufe cha kushoto imechakaa. Ndani yake mna kipande chembamba cha chuma kinachopinda kila unapobonyeza. Nacho huchoka, kama springi ya kitanda. Mpaka mpate kipanya kingine, endelea na kitufe cha kulia.

Siku zote hizo bonyeza mara moja tu, ngoja, kisha soma orodha kabla ya kubonyeza tena.

ZOEZI: Kipanya cha karani wenu kinachelewa. Enter nayo inachelewa. Mwenyekiti anataka kununua kipanya kipya. Utamwambia nini?