Somo: Kusafisha na Kupaka Upya Shingo ya Gitaa la Besi

Vikundi vingi vya vijana na kwaya vina gitaa la besi lililonunuliwa kwa mchango, mara nyingi la mtumba. Likilia vizuri linaitwa harusini na kwenye harambee, na kikundi kinapata chochote. Shingo ikiharibika, mtaji wa wote umelala. Kwa hiyo tunawasihi: mkiona shingo ya mepo imekuwa nyeusi, msikimbilie kuipeleka kwa fundi wa vitanda aipige mashine ya msasa. Mara nyingi inataka kuoshwa tu.

Mafundi wetu hapa West Indies, Eldoret, wanajua saiprasi na mtarakwa vizuri sana. Mepo si mti wa misitu yetu. Ni wa nchi za baridi, na jani lake ndilo lililo kwenye bendera ya Kanada tangu 1965. Mbao yake ni ngumu na nyeupe, lakini ikikosa vanishi hunywa jasho la mikono mpaka inakuwa kijivu. Ndiyo sababu kiwandani hupakwa mbele na nyuma.

Basi anzeni na kuosha. Legezeni nyuzi polepole, kwa zamu, kwa maana zote nne pamoja huvuta shingo kwa nguvu ya kama kilo 70 hadi 80. Zikishatoka, chukueni kitambaa laini chenye maji na matone machache ya sabuni ya vyombo, mkikamue sana, mpanguse, mkaushe papo hapo. Kando ya vyuma vya freti tumieni mswaki mkuukuu. Pale vanishi ilipokwisha, maji hapana, mbao itavimba. Tumieni tapentaini kidogo kwenye kitambaa. Mkimaliza hapo na shingo ni laini mkononi, rudisheni nyuzi. Kazi imekwisha.

Kupaka upya ni kama vanishi ya nyuma inabanduka, inanata au imekwisha kabisa. Fungueni skrubu za shingo, kwa kawaida nne. Mkikuta kijikaratasi au kijiti chembamba chini yake, msikitupe! Kiliwekwa makusudi ili shingo ikae sawa. Upande wa freti uacheni kama ulivyo, hiyo ni kazi ya fundi wa magitaa.

Nyuma, sugueni kwa mkono na msasa namba 320, halafu 400, mkifuata mwelekeo wa mbao. Ile kijivu iliyozama ndani isiwasumbue. Mkiifukuza mpaka mpate weupe, shingo inakonda, na iliyokonda hainenepi tena. Kama vanishi ya zamani bado ipo, pakeni vanishi ya poliurethani isiyo na rangi, nyembamba, kwa kitambaa, mara tatu, kila mara mkingoja ikauke na kupitisha msasa 400 kidogo. Kama mbao iko wazi yote, mafuta ya linsidi yaliyochemshwa kutoka hadwea yanatosha: pakeni, ngojeni robo saa, futeni yote yaliyobaki juu, mrudie kesho. Mafuta juu ya vanishi ni bure, hayaingii. Mahali shingo inapoingia mwilini mwa gitaa msipake kitu, isije ikakataa kuingia.

Januari na Februari ndiyo miezi mizuri. Mvua zikishaanza, kama Aprili, kwa baridi yetu hii vanishi hukawia kukauka. Lakini msiiharakishe kwa kuiweka karibu na jiko.

Na hapa tafadhali sikilizeni vizuri. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya linsidi vikikunjwa na kurundikwa hupata joto vyenyewe, na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Stoo ya kanisa inaweza kuungua usiku watu wamelala. Vitandazeni nje kimoja kimoja mpaka vikauke, au vilowekeni kwenye debe la maji. Tapentaini na vanishi zitumike mlango ukiwa wazi, mbali na taa ya mafuta na sigara.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Gitaa letu linalala wapi, na ufunguo anao nani?
2. Baada ya kupiga, nani hupangusa jasho shingoni? Kama hakuna, tumchague leo.
3. Katika pesa za harusi iliyopita, tulitenga kiasi gani cha matengenezo?